Jani la Isale Walilomletea Asiyeungua

Dada Ndeshi,

Nakuandikia kwa sababu kaburini kwako siruhusiwi. Limo ndani ya kihamba, shamba la ukoo wa wakwe zako, na tangu niende polisi kumshtaki shemeji yako wameapa nisikanyage migomba yao.

Mwanao Aika yuko kwangu, Bomang'ombe. Shemeji yako alimchoma mkono kwa kijinga cha moto, eti kanywa maziwa. Kahawa imeanguka bei, siku hizi kila tone la maziwa ni la kuuza. Lakini maziwa, Dada! Sisi tuliiba mtindi wa Mama mpaka masharubu meupe yakatuchongea, tukachapwa ufito mmoja mmoja, tukaenda kuchekea migombani.

Hospitalini uliniambia, "Aika usimwache." Nikamwacha. Wazee walisema mtoto ni wa ukoo wa marehemu baba yake, akabaki kwa shemeji yako, nami nikanyamaza. Hilo najilaumu, sitalificha.

Mwalimu wake ndiye aliyefungua kitambaa alichofungwa mkononi akaona kidonda, akaniita. Nilipotoka polisi, afisa wa ustawi wa jamii akanikabidhi mtoto mpaka kesi iishe.

Jumapili baada ya ibada akaja mama mkwe wako na wazee wawili, mkononi jani la isale. Unajua uzito wake: ukiletewa isale unasamehe, hata aliyekuulia ng'ombe. "Pokea, mwanangu," akasema, "ukaifute kesi. Ya nyumbani yaishie nyumbani." Kulikataa ni laana. Kulipokea, niliona, ni kumrudisha Aika kwenye moto uleule.

Nikalipokea. Nikasema, "Mama, mimi nimemsamehe. Ila aliyeungua si mimi, na kesi si yangu, ni ya Jamhuri." Mzee mmoja akauliza hiyo Jamhuri ina kihamba wapi. Nusura nicheke. Kisha nikamwita Aika, nikawanyooshea jani lao wampe yeye, wamwombe yeye. Hakuna aliyeinua mkono. Waliondoka chai ikiwa bado ya moto.

Keshokutwa tunakwenda mahakamani. Aika atamweleza hakimu mwenyewe. Naogopa, lakini sirudi nyuma. Ameniomba kitu kimoja tu: nimshike mkono ule mzima.

Lala, Dada. Hukumu itoke vyovyote, tutakuja kukupalilia. Wakitufungia njia tutasimama barabarani tukuite kwa jina, mimi na mwanao. Safari hii simwachi.

Mdogo wako,
Mkunde