Mafuta ya Mama kwenye Bunduki ya Baba

Mpendwa Bi Agafia,

Naomba msaada wako kabla dubu hawajatoka mashimoni, maana msimu huu naongoza wawindaji kwa mara ya kwanza, kazi aliyoifanya marehemu baba yangu Inokenti hapa kisiwani Kodiak, Alaska, maisha yake yote, na mama ameniwekea sharti moja tu, kwamba niingie vichakani na bunduki ile ile ya baba yenye kitako cha mbao ya mjozi, nami kusema kweli sikutamani nyingine, kwa sababu nikiishika tu nanusa sufu mbichi na samaki wa moshi, namwona baba akipanda kutoka kwenye mashua huku anakifuta kitako kwa mkono wa koti, na pale alipolaza shavu mbao imelainika mpaka inang'aa, na sisi watoto tulikuwa tukisikia kishindo chake akiiegemeza mlangoni tunajua baba karudi, chai iwekwe.

Tangu afariki, mama anaitunza bunduki hiyo kuliko anavyojitunza mwenyewe, kila Jumapili akitoka kanisani anaimiminia mafuta mpaka yanatiririka, kisha anaisimamisha pembeni, mtutu juu, kumbe mafuta yalikuwa yanashuka taratibu na kuingia kwenye mbao, kwa sababu juzi nilipokwenda kujaribu shabaha, na unajua risasi za kuulia dubu zinavyolipiga bega teke, nikasikia ka! kitako kikapasuka pale pembamba pa kushikia.

Fundi bunduki Lindqvist alipabonyeza kwa ukucha, ukucha ukazama. "Imelewa mafuta hii, kijana. Weka kitako cha tabaka. Vipande vyembamba vya mbao vimegandishwa pamoja kwa gundi, mvua haikipindi, na uzito wake unameza teke."

Nikamgusia mama habari ya kitako kipya cha tabaka, bila kutaja ufa, akawaka. "Plaiwudi? Bunduki ya baba yako uivalishe plaiwudi kama kabati la jikoni? Hebu nipishe hapa!"

Sasa ufa nimeuziba kwa gundi na kuupaka rangi, nafikiri kwenda hivyo hivyo, maana nitamwambiaje mama kwamba mapenzi yake ndiyo yaliyoiozesha mbao ya baba?

Nestor

Nestor mwanangu,

Pole sana. Kishindo hicho nakijua. Marehemu wangu naye alikuwa na mlango wake, na hadi leo upepo ukiugonga najikuta nimeshika birika. Nimelia kidogo, nimemaliza.

Sasa niambie, una wazimu? Dubu aliyejeruhiwa akigeuka, risasi ya kwanza ikuvunjie kitako mkononi, ya pili utampiga na nini, na sala? Na huyo mwindaji mgeni unayemwongoza, aliye ubavuni mwako, umemwambia roho yake imeshikwa na gundi na rangi? Gundi haishiki kwenye mbao iliyolowa mafuta. Ile ya tabaka imebanwa kiwandani mbao ingali kavu, usijifariji kwamba ni kitu kimoja.

Weka cha tabaka. Lakini usidhani hakipasuki. Chuma cha bunduki kisipokilalia sawasawa, teke litakichana nacho. Mwambie Lindqvist akilaze chuma vizuri, apitishe boliti ya kukazia, na apake vanishi hata ndani kusikoonekana. Kisha piga risasi za kutosha, ifungue, kagua. Ni kizito, utanung'unika mlimani. Nung'unika.

Kitako cha zamani mpe mama. Akipake mafuta apendavyo, hakina tena wa kumuua.

Na ukweli mwambie leo, mkiwa mezani, umemshika mkono. Atalia, atasema ameharibu kitu cha mumewe. Mjibu kwamba hakuna aliyemfundisha. Wanaume wetu walisafisha bunduki zao kimya kimya, wakaondoka na ujuzi wao, wakatuachia kopo la mafuta na upweke. Mwambie hivyo, atakuelewa.

Ila usimfiche kwa kumwonea huruma. Ukimficha, Jumapili moja atazoea plaiwudi yako, ataipenda, atachukua kopo na kuimiminia kwa mapenzi yale yale. Na safari hii shavu litakalokuwa limelala kwenye hiyo mbao ni la mwanawe.