Mbabula Mlangoni

Mjukuu wangu Béatrice,

Sisi wa Kampemba tu wazima. Mjomba wako amepona homa. Unauliza kwa nini nakataza mbabula, jiko letu la makaa, kuwekwa mlangoni.

Mama yako alipoanza kutembea, mtawa muuguzi alizunguka katika kambi yetu ya wafanyakazi akimuuliza kila mama ambaye mtoto wake aliungua: mbabula ilikuwa wapi? Karibu wote walijibu: mlangoni. Akatukusanya, akatueleza kuwa mlango ndio njia ya watoto.

Jirani yangu Kapinga akacheka, akamwambia mtawa: "Ma sœur, tuiweke wapi? Mu nyumba moshi itatuua, inje mvua iko!"

Mtawa hakutugombeza. Tulitafuta pamoja, tukaiweka ubavuni mwa nyumba, chini ya paa, tukaizungushia matofali.

Kesho yake mama yako alitoka mbio, akaanguka palepale mlangoni. Alililia goti tu.

Nibusie kitukuu changu.

Nkambo wako