Kichwa cha Treni Kilichorudi

Kichwa cha treni cha baba yako kimerudi nyumbani! Kile kidogo alichokiunda mwenyewe, chenye moto na mvuke wa kweli. Kaa chini kwanza, mwanangu, ndipo usome.

Hujambo, baba? Mkeo na wajukuu zangu ninaowajua kwa picha tu, hawajambo? Mimi mzima, ila magoti.

Aliyekinunua ni mdogo wako. Siku hizi ni fundi mkuu wa mitambo ya mvuke kiwandani. Wenye vyeti ukutani wanamngoja yeye. Sijisifu, nasema ukweli. Alikikuta kwa muuza vyuma chakavu, kutu tupu, magurudumu yameganda, akakitaka cha kutengeneza siku za mapumziko. Jirani alichungulia akauliza kama tumenunua jiko la kuchomea kuku. Nikamwambia akatafute la kwake lenye filimbi.

Mdogo wako hakujua ni chetu. Kilipopotea alikuwa bado ananyonya. Kakiloweka mafuta ya taa wiki nne, kazibua mabomba, kajaza tangi maji baridi na kulipima kwa pampu: halivuji hata tone. Mkono wa baba yako huo! Kisha akakipindua asugue tumbo, akakuta herufi zimegongwa kwa msumari: DEREVA. Akaniuliza Dereva ni nani.

Jina alilokuita baba yako, na baada ya siku ile hakulitamka tena. Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Mwanangu, najua hukukiiba. Nilikiuza mimi. Kila jioni baba yako alikuwa nacho bandani, akikipaka mafuta kwa unyoya wa kuku, nami nakula peke yangu. Nikakionea wivu chuma. Nilidhani atanung'unika wiki moja yaishe. Akakushika wewe kuwa ndiwe mwizi, ukalia, ukaapa hukukigusa, akakufukuza, na mimi nikakufungia nguo zako kimya. Alikufa akiamini mwanawe ni mwizi, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Nimemwambia mdogo wako. Tangu hapo ananipa salamu tu. Ameapa hakiwashi mpaka wewe uwepo ukiendeshe. Shangazi zako na majirani wote waliokuita mwizi nimewaalika, nami nitasema mbele yao kabla kiberiti hakijawashwa. Njoo, hata kama hutaniangalia.

Wape watoto mkono wa bibi yao.

Mimi, mama yako.

Ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa nne asubuhi.