Joka Aliporudi kutoka Machimboni

Jumamosi. Ukungu haujaondoka Igowole tangu asubuhi, na nguo nilizofua juzi zimeshinda mbichi kambani.

Hili sijawahi kumwambia mtu yeyote nje ya jiko letu: ninasoma riwaya za mapenzi za wanaume wanaoendesha mapikipiki makubwa na kugeuka majoka. Shuleni wananijua kama yule msichana wa Kidato cha Tatu anayeazima vitabu vya historia. Binamu yangu wa Mbeya ndiye aliyenitumia mfululizo mzima kwenye simu. Ninausoma kwa Kiingereza, kamusi pembeni.

Anayejua ni mama tu, kwa sababu ninamsimulia.

Ilianza likizo iliyopita tukichambua maharage. Aliuliza nacheka nini peke yangu. Ili aelewe, lile genge la mapikipiki nikalifanya bodaboda wa kijiweni. Kwenye kitabu, joka huondoka kila mara kwenda kulinda dhahabu yake pangoni, na mpenzi wake hubaki mlangoni akimsubiri. Mama akashangaa mwanaume mzima anafanya nini pangoni, nikamjibu, "Yuko machimboni."

Sikufikiri.

Baba yuko Makongolosi, machimboni, tangu nikiwa darasa la sita. Anapiga simu mara chache, na mama haulizi habari zake. Ila tangu siku ile anauliza za joka.

"Yule mtu wako karudi?"

"Bado, mama."

"Na mwenzake kakaa tu mlangoni?"

"Anamsubiri."

"Haya, endelea."

Kuna siku ananitania, eti joka anasali kanisa gani, na akilala yale mabawa anayaweka wapi. Nikifika mahali joka anapoondoka, hatanii. Anatazama mikono yake.

Jana nilimaliza kitabu cha mwisho. Nilitarajia harusi. Badala yake, joka anarudi na kumkuta mwanamke ameshafungua gereji yake mwenyewe. Mwanamke anamkaribisha, anampa chai, anamsikiliza mpaka mwisho. Kisha anamwambia aende, na safari hii hatamsubiri.

Nililia, nikajificha chooni ili nisiulizwe.

Sikujua nimwambie nini mama. Nikimwambia kweli, itakuwa kama mimi, mtoto, ndiye ninayemwambia aache kumsubiri baba. Nikimdanganya, nitamwacha mlangoni. Usiku kucha nikatunga harusi: kwaya, mapikipiki yamefungwa maua, joka amevaa suti.

Leo mchana tulikuwa tunapukuchua mahindi. Nikaanza na harusi yangu. Sikufika hata kwenye kwaya.

"Hiyo umeisoma au umeitunga?"

Nikaendelea kupukuchua.

"Wewe ukidanganya unaongea haraka. Nipe ya kitabuni."

Nikampa yote, nikitazama chini. Mama alimaliza hindi alilokuwa nalo, akachukua lingine.

"Hiyo chai alimpa ya maziwa?"

"Haijaandikwa."

"Angempa ya rangi."

Nikacheka, naye akacheka kidogo. Halafu akasema, kwa sauti ileile ya kawaida, "Huyo dada kachelewa. Mimi nilishatoka mlangoni zamani, ulikuwa bado shule ya msingi. Nilikuwa naogopa kukwambia wewe."

Muda wote huu nilidhani mimi ndiye ninayemlinda. Kumbe anayemsubiri baba nyumbani kwetu ni mimi.

Tulipomaliza nilifagia magunzi, nikachukua simu, nikapanda hadi pale juu ya shamba la chai ambapo mtandao unashika. Nilimpigia baba. Alipokea. Nikamwambia mahindi tumepukuchua, shule nafungua Jumatatu, sote wazima. Akauliza kama mama ameniagiza nimuulize anarudi lini.

Nikasema hapana, nauliza mimi.

Akasema bado hajajua. Nikamuaga vizuri, nikashuka nyumbani kuanua nguo.