Nishani Aliyoitoa Gaspard

Saskatchewan, Kanada
14 Machi 1920

Kwa kaka yangu mpendwa Cyprien,

Salamu nyingi zikufikie huko Montana, wewe na wifi yangu Rosalie na watoto wote. U hali gani? Kifua chako kimepona? Sisi huku tu wazima, ingawa baridi ya mwaka huu imegoma kuondoka na farasi wetu mmoja amekufa. Mama hajambo. Anakula vizuri na kugomba vizuri zaidi. Jana alinifokea kwa sababu mkate wangu ulikuwa mgumu, akasema masista wa shule ya bweni walishughulika kunitia Kiingereza kichwani wakasahau kunifundisha unga.

Barua yako tuliipata. Mama aliketi karibu nami nimsomee, nami nilipofika kwenye yale maneno yako nikamsomea mengine niliyoyatunga palepale. Unasema umesikia kwa watu waliovuka mpaka kwamba mdogo wetu Gaspard ameuza nishani yake apate pombe, na kwamba heri angefia Ufaransa. Kaka, nakuheshimu, lakini hapo ulinichoma, na hasira yangu haijaisha hadi leo. Tulia nikueleze.

Wewe ulihama kabla hajaenda vitani, ndiyo maana habari zake unazipata vipandevipande. Unakumbuka alivyokuwa hawezi kutulia kanisani, lakini akiwa anawinda analala juu ya theluji asubuhi nzima bila kukohoa. Jeshi liligundua hilo upesi, likampa bunduki yenye darubini. Alipandishwa cheo akawa koplo. Siku aliyopata nishani, kikosi chao kilikuwa kimebanwa na bunduki ya rashasha, hakuna wa kuinua kichwa. Wa kwanza kuruka nje ya handaki alikuwa Isidore, mtoto wa jirani yetu Bi Josette. Akapigwa. Gaspard akaruka nyuma yake, akaifikia ile rashasha na kuinyamazisha, kisha akarudi na Isidore mgongoni, marehemu tayari. Jenerali alimbandika nishani kifuani, akamwambia mfalme wa Uingereza anamshukuru na kwamba yeye ni mwana halisi wa Kanada.

Huyo mwana halisi wa Kanada alirudi nyumbani akakuta hawezi kuuza hata majani yake makavu ya mifugo bila kibali cha wakala wa serikali, yule anayetutawala sisi wenyeji wa asili katika eneo tulilotengewa. Wazungu wa kikosi chake walipewa mashamba. Yeye alipouliza lake, wakala alimwambia kwamba watu wetu ardhi wanayo tayari, anataka nini tena? Gaspard alivaa kofia yake akarudi nyumbani.

Mama ndiye aliyesema jambo hili la nishani halijaisha. Alisema mfalme amemvisha mwanawe, lakini watu wake hawajala. Wewe huhitaji kuelezwa, kwetu anayeheshimiwa ndiye anayetoa, na nyumba yake hutoa mpaka ibaki tupu. Gaspard alimkumbusha kwamba karamu ya kugawa imekatazwa na sheria, na wapo waliokwisha kufungwa kwa ajili yake. Mama akamwangalia kwa dharau kabisa. "Wajerumani hukuwaogopa, leo unamwogopa huyu wakala mwenye masharubu kama ya paka?" Mjadala ukafia hapo.

Tuligawa kaka, ungekuwepo ungefurahi. Blanketi, birika kubwa la Baba, tandiko la farasi na farasi wake. Nyama kavu ya kutwangwa kwa mafuta na matunda ya beri ililiwa mpaka wazee wakalegeza mikanda. Kisha Gaspard akasimama aeleze vita vyake. Unajua kwetu mtu hasimulii ushujaa wake bila shahidi, na shahidi wake amezikwa Ufaransa. Kwa hiyo ya kwake hakuyagusa. Alieleza ya Isidore tu, alivyoruka na alivyoanguka, halafu akaifungua nishani kifuani mwake, akamvisha Bi Josette. Yule mama alilia mpaka tukamshika. Hivyo ndivyo nishani ilivyotoka mikononi mwa Gaspard. Hao waliokuambia habari ya pombe waambie waje waniulize mimi.

Kabla juma halijaisha polisi walikuja wakamchukua Mama, kwa kuwa ndiye aliyealika watu. Walikusanya na vitu vilivyogawiwa. Mahakamani niliitwa nitafsiri, na nikaviona vyote mezani, birika, blanketi, na ile nishani katikati yake kama kitu kilichoibwa. Gaspard alikuja na sare zake za jeshi. Alisema aliyegawa ni yeye, wamfunge yeye. Hakimu alisema, tena kwa sauti ya upole, kwamba hawezi kumfunga shujaa, magazeti yatasema nini? Mama akapewa miezi miwili. Hakimu alimsogezea Gaspard nishani ajichukulie. Gaspard akakataa, akasema ina mwenyewe. Ndipo Bi Josette alipoinuka, akaenda mezani, akaichukua, akatoka nje bila kuomba ruhusa ya mtu. Polisi walitazamana tu.

Mama hakumaliza hata wiki mbili, akaachiwa. Alishuka kwenye gari la farasi kifua mbele, akawaambia majirani kwamba habari zimemfikia mfalme, naye mfalme amekasirika sana kusikia mama wa askari wake amelazwa chini kwenye saruji. "Mwanangu alitoa nishani, na bado nishani ikanifungulia mlango!" Amelirudia hilo hadi watoto wamelikariri.

Sasa kaka, haya yafuatayo yasome ukiwa peke yako. Mfalme hakusikia chochote. Wakala alimwita Gaspard ofisini, nami nilikuwepo. Alisema Mama anaweza kutoka kimyakimya, ikiwa Gaspard atakubali kutohesabiwa tena kuwa mmoja wetu. Alisema mtu aliyepanda juu kama yeye hafai kuishi kwenye nyumba ya magogo na sisi. Kwa sheria atakuwa sawa na mzungu. Nikauliza, naye ataishi wapi? Wakala akasema popote, nchi ni kubwa. Popote ila hapa. Hawezi kuwinda hapa, hawezi kulala nyumbani kwa mama yake, na akifa hatazikwa karibu na Baba. Gaspard alitia sahihi akiwa amesimama. Mama alifungwa kwa kugawa blanketi, lakini Gaspard alipojigawa mwenyewe, yule bwana alimpa mkono na kumpongeza. Nilitamani kumtemea mate. Najuta kwamba sikumtemea.

Mama hajui. Anadhani Gaspard amepata kibarua kwa mkulima ng'ambo ya uzio wa eneo letu, na kweli analala huko, kwenye banda la ng'ombe. Jumapili Mama humpelekea supu ya sungura, akimlaumu kwa nini haji kulala nyumbani kama watu. Gaspard hucheka na kunywa supu. Amenikataza kusema. "Mama akijua," aliniambia, "atakwenda kwa wakala kudai arudishiwe kifungo chake." Nawe unamjua Mama. Atakwenda kweli.

Na balaa lenyewe ni kwamba anashona blanketi nyingine. Anataka kufanya karamu majira ya joto, kushukuru kwa kuachiwa, na ameniagiza nikuombe ulete farasi wa kugawa. Nakusihi, usilete farasi. Njoo mwenyewe, umzuie Mama, na ukiondoka uondoke na mdogo wako. Hana kwake tena upande huu.

Mama anakusalimu sana na anasema wale farasi wawe wanene. Bi Josette anakusalimu, na mpe wifi na watoto salamu zangu zote. Gaspard naye anakusalimu. Aliposikia umeandika, aliniuliza mara moja kama umemtaja. Nikamwambia umemtaja, na kwamba huko Montana unajivunia kumwita ndugu yako. Aliniomba nimsomee hapo tena. Nikasoma tena, kaka, mahali ambapo hapakuandikwa kitu. Usinifanye mwongo.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Philomène Kisikaw