Nimetabasamu Kisimani Zuzu

Violeth, niko nyuma ya gari la uchimbaji hapa Zuzu. Nalia.

Nimetabasamu, Violeth. Mbele ya kijiji kizima!

Mtambo ulitoa kipande cha jiwe kutoka mita tisini chini. Nyufa zake zimejaa kalsaiti, yale madini meupe tuliyofundishwa chuoni kwamba huachwa na maji. Fuwele nzuri ajabu. Nikajisahau.

Bibi Klara, mwenye shamba, akaniona. "Mtaalamu amecheka! Maji yapo!" Vigelegele, Violeth. Watu wakakimbilia ndoo.

Na kisima ni kikavu. Tumefika mita mia na ishirini, vumbi tupu. Juu ya ile kalsaiti kuna kutu: maji yalijaa pale zamani sana, yakashuka, hewa ikaingia.

Ilibidi niseme. "Samahani bibi, hii ni alama ya maji ya kale. Leo hayapo."

"Sasa mjukuu wangu, ulikuwa unacheka nini?"

Ulikuwa unacheka nini.

Akatazama mikono yangu, myeupe kwa vumbi la jiwe. Akainamisha dumu lake, yakatoka maji kidogo, yote aliyokuwa nayo.

"Haya, nawa."

Nikanawa.