Saa za Kwenda Toronto

Ujiji, Jumanne

Ishirini na mbili, si kumi na tano. Kazini nakata tiketi za ndege kila siku, halafu nakosea hesabu kwa mama yangu mwenyewe.

Dada Zawadi aliondoka Dar jana saa kumi na moja alfajiri, akatua Toronto saa mbili usiku. Nilitoa moja kwa nyingine nikamwambia Mama ni saa kumi na tano. Nilisahau kwamba saa za kule ziko nyuma ya zetu kwa saa saba.

Mama alishafurahi. Alimwambia jirani, "Kumbe si mbali. Meli ya Mpulungu, kule Zambia, inalala njiani, na watu wanaenda na kurudi."

Jioni hii nilimsahihisha. Alikuwa anaanua dagaa, hata hakugeuka.

"Bado ni chache, baba. Na kurudi?"

Tiketi ya Zawadi niliikata mimi mwenyewe, na ni ya kwenda tu. Zawadi aliniomba nisimwambie Mama mpaka afike. Sasa amefika.

"Kurudi ni pungufu kidogo, Mama. Upepo unaisukuma ndege."

Akacheka. "Basi atawahi."

Sikudanganya, upepo ni kweli unasukuma. Lakini niliondoka pale kama mwizi.

Nilipoingia ndani nikakuta Mama amefua shuka la bluu la Zawadi na kulitandika upya kitandani kwake, pembe zote nne zimenyooshwa. Nilikaa pale ukingoni kwa muda. Nami namtaka arudi.

Kesho nitamwambia. Nikiweza.